Jozi moja ya viatu vya theluji, watu watatu: kisa cha kilele cha Weismann

Watu watatu walitoka kambi ya Bugata, upande wa Kilembe wa milima ya Rwenzori, Uganda, jua likiwa bado halijachomoza. Walikuwa wanalenga kilele cha Weismann, mita 4,620, na walikusudia kukipanda kwa kuiacha njia iliyozoeleka. Mmoja alikuwa na viatu vya theluji, wawili walikuwa na gambuti. Kilele hawakukifikia. Kabla ya saa nne asubuhi mmoja alikuwa ameketi kwenye theluji, goti limeteguka, ukungu umefunga kila upande, na ilipofika saa kumi jioni ndipo waliporudi kambini wote watatu.

Hakuna aliyekufa wala kukatwa kidole, kwa hiyo habari hii isingefika popote. Mimi naiona ni kisa cha kuchambuliwa kwa sababu kila mmoja wa hao watatu alikuwa anajua jambo la kweli kuhusu theluji, na ukweli wao ulipokutana mlimani haukupatana. Nimezungumza na kila mmoja peke yake. Maelezo yao yanalingana isipokuwa mahali pamoja, na hapo nitapafikia.

Kwanza wenyewe. Mgeni alizaliwa Goma na sasa anaishi Québec, Kanada, ambako amejifunza kutembea milimani majira ya baridi na kuwa hodari kweli kweli. Kiongozi ni Mkonzo wa Kilembe, mtu mzima mwenye wajukuu, Kiswahili chake amekiokota katika biashara ya mpakani, kati ya Mpondwe na Kasindi. Mpagazi ni kijana wa kijiji kilekile, mwepesi wa miguu na mgumu wa maneno. Kuingia hifadhi ya Rwenzori bila kiongozi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, mtu mwenye akili asingejaribu.

Mgeni alikuja na viatu vyake kutoka Kanada, vimefungwa nje ya shanta. Kwa asiyevijua: ni fremu mbili pana, urefu wake kama mkono kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole na zaidi kidogo, zinafungwa chini ya buti za kawaida. Chini zina meno ya chuma ya kushika theluji ngumu, na kisigino kiko huru kuinuka mtu anapopiga hatua. Kazi yake ni kuutandaza uzito. Mguu wa buti unagusa theluji kwa eneo dogo, kiatu hiki kinagusa kwa eneo kubwa kama mara nne. Mtu bado anazama, ila anazama kidogo, na anaweza kutembea kutwa mahali ambapo mwenye buti angechoka kabla ya chai ya saa nne.

Jioni ya kuamkia siku ile, Bugata theluji ilianza kuanguka alasiri, nzito na yenye maji, kisha ikaendelea kavu baada ya magharibi. Wakiwa jikoni wanangoja posho iive, yakatokea mazungumzo ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote yaliyofuata.

“Mzee, kwetu kule mwezi huu ndio mtamu kuliko yote,” mgeni alisema. “Theluji imeshakaa. Unapita popote unapotaka.”

“Kijana wangu, kwetu hapa mwezi huu ndio mvua inarudi. Hiyo theluji imekuja leo.”

Wote wawili walikuwa wanasema Machi, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Machi ya Québec ni mwisho wa majira ya baridi. Theluji imekuwa ikirundikana tangu Novemba au Desemba, na katika vilima vya Charlevoix inapita mita moja bila shida. Imejishindilia kwa uzito wake, imeyeyuka mchana na kuganda usiku mara nyingi, hata ikawa kama sakafu. Mawe yamefunikwa, magogo yamefunikwa, vijito vimefunikwa. Mtu anayepanda kilima kama Mont du Lac-des-Cygnes, ambacho hakifiki mita 1,000, anaweza kuiacha njia, akapita msituni moja kwa moja hadi juu, na ikifika Mei hakuna atakayejua kwamba alipita. Hatari zake zipo: kuzunguka misonobari midogo iliyofunikwa mara nyingi kuna shimo tupu chini ya matawi, na mtu akisogea karibu anaweza kutumbukia hadi kifuani. Mgeni alizijua hatari hizo, na mguu wake ulizikwepa bila hata kufikiri.

Machi ya Rwenzori ni kitu kingine. Theluji ya mlima wa Ikweta haina majira. Inaweza kuanguka mwezi wowote juu ya mita 4,000 na kitu, na kwenye kilele cha kimo cha Weismann, ambacho hakina barafu ya kudumu, huyeyuka baada ya siku chache, wakati mwingine baada ya saa chache. Hairundikani. Wataalamu wa mimea ya juu wana msemo wao kwamba huko kuna kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku, na yeyote aliyelala Bugata hahitaji kushawishiwa. Kwa hiyo unachokanyaga hapo ni theluji ya siku moja, ya kimo cha nusu ya muundi, labda hadi gotini au pajani upepo ulipoirundika, na chini yake mlima uko vilevile: majabali yaliyovaa kuvumwani nene, nafasi kati ya jabali na jabali, vichaka vya helikrisamu, mashina ya senesio yaliyoanguka na kuoza. Kuvumwani linaziba nafasi hizo hata siku kavu. Siku ya theluji linaziba mara mbili.

Mgeni alikuwa na hoja ya pili, na hii ni hoja ya mtu mwungwana. Alisema kuiacha njia wakati wa theluji hakuharibu kitu, kwa kuwa theluji inakinga mimea. Kule anakotoka hilo linafundishwa, na ni sahihi kwa theluji ya mita moja. Kwa theluji ya nusu muundi, meno ya chuma yanapita moja kwa moja hadi kwenye kuvumwani na kulichana. Mimea ya kimo kile inakua polepole mno. Kiongozi hakulijibu hilo usiku ule. Aliniambia baadaye kwamba alilitambua lakini aliona haya kumkatalia mgeni mara mbili katika kikao kimoja. Nadhani wengi wetu tunaifahamu haya hiyo, na milimani ina gharama yake.

Wakakubaliana hivi: wataiacha njia iliyozoeleka, inayopita Oliver's Pass, watapanda bega la mlima moja kwa moja, watavuka bapa lililo chini ya kilele, kisha watarudi kwa njia ya kawaida. Kwenye ramani ilionekana fupi, na kwa kimo ilikuwa kama mita 560 tu kutoka kambini.

Saa ya kuondoka ndiyo iliyoleta mvutano. Mgeni alitaka saa kumi usiku. Sababu yake ilikuwa nzuri: theluji iliyolowa mchana na kugandishwa na usiku usio na mawingu hupata ukoko juu yake, na ukoko huo hubeba watu hadi jua liulainishe. Kiongozi alitaka kungoja mwanga, kwa sababu mashimo kati ya majabali hayaonekani kwa tochi. Kule Uganda magharibi jua hutoka karibu saa moja asubuhi, saa za nchi nzima zikiwa zimepangwa kwa majirani wa mashariki. Wakapatana saa kumi na mbili kasoro robo.

Maafikiano hayo mimi siyapendi. Yaliwaondoa gizani, wakati mashimo hayaonekani, na yakawafikisha kwenye bapa wakati ukoko umeanza kulainika. Kila upande ulitoa kitu, na kilichobaki mkononi ni hasara za pande zote mbili. Kama sababu ya mmoja ni ya kweli, ifuatwe yote: ama uondoke saa kumi na upande kwa njia unayoijua, ambako tochi inatosha, ama ungoje mwanga na ukubali kwamba leo hufiki juu. Kukata katikati kunafaa kwa bei ya ndizi.

Saa mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Usiku wa manane mawingu yalikuwa yametawanyika, na ukoko ulikuwepo, mwembamba lakini upo. Walipanda juu ya mawe makubwa yaliyo wazi, mgeni akiwa bado amevibeba viatu vyake mgongoni, na kiongozi akichagua pa kuweka mguu. Jua lilipotoka walikuwa juu ya ukingo, na wote watatu wanalikumbuka kwa namna moja: milima jirani ya Stanley na Baker yote myeupe, hewa imetulia, theluji inang'aa hadi macho yanauma.

Hapo niseme juu ya macho. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno inayoipiga, hewa ya kimo kile ni nyembamba na inachuja kidogo, na Machi jua la Ikweta la mchana liko karibu wima juu ya kichwa. Mgeni alikuwa na miwani mizuri. Kiongozi alikuwa na miwani ya zamani yenye kioo kimoja kilichopasuka. Mpagazi hakuwa na kitu. Na katika begi la mgeni kule kambini kulikuwa na miwani ya akiba, ndani ya kifuko chake, haijaguswa. Goti ni ajali. Hili la miwani lilikuwa la kuulizwa tu asubuhi, kwa sentensi moja, na hakuna aliyeuliza. Ndilo linaloniudhi kuliko yote katika kisa hiki.

Walifika ukingoni mwa bapa kama saa tatu kasoro. Ni eneo la kama viwanja viwili vya mpira, lililoinama kidogo, na upepo wa usiku ulikuwa umelundika theluji upande wa kinga. Mgeni akavivaa viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu Kilembe vilifanya kile vilichotengenezewa kukifanya. Ukoko ulimbeba. Alikuwa anazama kidole kimoja, viwili, anatembea kama mtu aliye uani kwake. Nyuma yake kiongozi aliukanyaga ukoko uleule kwa gambuti na kuzama hadi gotini. Hatua iliyofuata, pajani. Mpagazi aliyekuwa na mzigo alizama zaidi.

Kuzama hivyo si usumbufu tu. Kila hatua unauvunja ukoko, unashuka, unaukwangua muundi kwenye ukingo wake mgumu, unajinyanyua, halafu unaanza upya. Kwenye mita 4,500 hewa unayovuta ina oksijeni kidogo zaidi tu ya nusu ya ile ya pwani. Gambuti, ambazo ndizo viatu bora vya Rwenzori kwa matope ya chini, zilijaa theluji kwa juu. Theluji ikayeyuka ndani na soksi zikalowa. Baada ya dakika kumi wawili hawa walikuwa hatua thelathini tu ndani ya bapa, na mwenzao yuko katikati.

Mgeni alidhani anawasaidia. Alikotoka, anayetangulia ndiye mwenye kazi: anakanyaga njia, wengine wanafuata kwenye alama zake kwa raha, kisha wanabadilishana zamu. Lakini kule wote wamevaa viatu vilevile. Alama ya kiatu kipana kwenye ukoko mwembamba haimbebi mtu wa gambuti. Alama imeshindiliwa kwa uzito mdogo kwa kila sentimita, na gambuti inaleta uzito mara nne yake. Kiongozi alizijaribu alama zile na kutumbukia ndani yake kama kwingine. Kwa hiyo kifaa kilichokuja kurahisisha safari kilikuwa kimeligawa kundi la watu watatu: mmoja anayeelea, wawili wanaozama. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ajali ilipotokea. Kuanguka kulikuja baadaye.

Na hapa ndipo maelezo yao yanapoachana. Kiongozi anasema alimwambia, “Tangulia, kijana wangu, usimame pale kwenye jiwe.” Mgeni anasema alisikia “Tangulia.” Nilipomuuliza mpagazi, alifikiri kwa muda akasema mzee alilitaja jiwe kweli, lakini jiwe lenyewe lilikuwa limefunikwa. Kiongozi amepita karibu na jiwe hilo mara nyingi. Kichwani mwake liko wazi siku zote. Asubuhi ile halikuwepo. Kuiacha njia kwenye theluji mpya kunaondoa hata maneno ambayo watu hutumia kuelekezana.

Saa tatu na nusu ukungu ulipanda kutoka mabonde ya chini, kama unavyofanya Rwenzori asubuhi nyingi jua likishachemsha misitu. Haukuchukua muda. Mgeni alisimama, jambo alilolifanya vizuri, akageuka na hakuona mtu. Ardhi nyeupe, hewa nyeupe, hakuna mstari kati yake. Alama zake mwenyewe alikuwa anaziona mita nne, tano nyuma.

Kiongozi akapiga ukelele. Wazee wa Kikonzo wanasema Kitasamba, mungu wa mlima, anakaa huko juu kwenye theluji, na watu waliolelewa chini ya mlima ule hawapigi kelele ovyo wakiwa juu. Mpagazi aliniambia kwamba aliposikia mzee anaita kwa sauti ile, alijua mambo yameharibika.

Mgeni alikuwa na chaguo mbili. Angeweza kuzifuata alama zake kurudi alikotoka, mwendo wa kupinda. Akachagua kuifuata sauti, mwendo wa moja kwa moja. Sauti ilikuwa upande wa chini wa bapa, ambako mlundikano wa theluji unaisha na majabali yanaanza, ila kwa macho theluji ni ileile, nyeupe ileile. Alitoka kwenye theluji ya kimo cha paja akaingia kwenye theluji ya kimo cha muundi bila kuona tofauti. Hatua ya nne au ya tano, ncha ya kiatu cha kulia ilipenya kati ya majabali mawili, fremu ikakwama, na mwili ukaendelea kwenda. Goti likazunguka.

Kwa buti tupu, mguu ungetumbukia na labda angechubuka. Kiatu kirefu kinakuwa wenzo: kimeshikwa mbele, uzito uko nyuma, na kiungo dhaifu kuliko vyote katikati ni goti. Kwenye theluji nene hilo halitokei kwa sababu hakuna cha kuishika ncha. Kanuni ambayo ningeichukua hapa ni ya kimwili kabisa: kabla ya kila hatua ya shaka, fimbo ishuke hadi chini. Ikigusa jiwe kabla ya kimo cha goti, viatu vipana vivuliwe. Mgeni alikuwa na fimbo mbili, na zote mbili alizitumia kwa mizani tu.

Kuanzia hapo kiongozi alikuwa mtu mwingine, au tuseme alirudi kuwa yeye. Alimfikia mgeni kwa kufuata alama, si sauti. Akamkalisha juu ya shanta ili asikae kwenye theluji. Akamvika koti lake la mvua, akampa chai ya moto kutoka kwenye themosi, akaligusa goti kwa vidole huku akimsemesha habari za Goma. Mfupa haukuwa umevunjika, mguu ulikubali uzito kidogo, goti lilivimba upande wa ndani na kuyumba. Akalifunga kwa bendeji juu ya suruali. Kilele kilikuwa kimebaki kama mita mia moja kwa kimo, na wote watatu wanakubali kwamba hakuna aliyekitaja tena.

Shida ilikuwa kuvuka bapa kurudi. Mwenye goti hili hawezi kuvaa viatu vipana, na hawezi kuzama hadi pajani kila hatua. Kumbeba hakuwezekani kwa watu wawili wanaozama wenyewe. Helikopta si jambo la kulitegemea asubuhi yenye ukungu, na mtu akiumia Rwenzori kwa kawaida hushuka mabegani mwa watu, siku mbili na zaidi kutoka kimo kile. Kuita kundi la machela kulimaanisha kumwacha mtu hapo hadi usiku.

Mgeni ndiye aliyelitoa wazo, akiwa amekaa. “Mpe huyu ndugu viatu,” alimwambia kiongozi. “Apite, arudi, apite tena palepale. Halafu tungoje.”

Theluji iliyokanyagwa mara moja ni laini. Ikikanyagwa mara tatu, nne, hewa inatoka, chembe zinabanana, na ikiachwa nusu saa katika baridi chembe hizo zinashikamana upya na kuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Watu wa nchi za theluji wanalijua hilo: njia iliyokanyagwa jana hubeba mtu leo. Mpagazi, ambaye hajawahi kuvivaa vitu vile maishani mwake, alianguka mara mbili katika hatua kumi za kwanza, akacheka, kisha akapata mwendo. Alikwenda na kurudi kwenye bapa akiweka mguu kando ya alama ya mguu, upana wa watu wawili, kiongozi akimwelekeza kwa filimbi ili asipotee kwenye ukungu. Walingoja. Kisha kiongozi akakanyaga kwa gambuti, akazama kimo cha kifundo, akasimama.

Wakavuka hivyo, mgeni katikati, mkono mmoja begani kwa kila mmoja palipowezekana, na fimbo palipokuwa pembamba. Mita mia mbili hivi ziliwachukua zaidi ya saa. Kazi kubwa zaidi viatu vile vilivyofanya siku ile ilikuwa hiyo, miguuni mwa mtu ambaye asubuhi hakuhesabiwa kuwa anavihitaji.

Kushuka majabali kurudi Bugata kulikuwa kwa kukaa na kusogea, jiwe kwa jiwe, theluji ikiyeyuka na kuwa maji na maji yakiingia kila mahali. Sina la kuongeza hapo zaidi ya kwamba walikula ndizi na karanga kila nusu saa kwa amri ya mzee.

Usiku macho ya mpagazi yalianza. Maumivu ya macho yaliyochomwa na theluji huchelewa saa kadhaa, kwa hiyo mtu haoni kosa likitendeka. Yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, yanahisi mchanga. Ukungu haukuwa umemkinga, kwa sababu mionzi hiyo inapita kwenye ukungu kwa wingi. Walimfunga kitambaa cha maji baridi, akalala gizani siku nzima, na siku ya pili akaona vizuri, kama inavyokuwa mara nyingi. Msafara ukasubiri macho na goti pamoja, kisha ukashuka polepole hadi Kilembe, mgeni akitembea kwa miguu yake.

Wapo walioniambia kwamba kosa ni la mgeni kuleta vitu vya ughaibuni mlimani kwetu. Sikubali. Barafu ya kudumu ya Rwenzori ilikuwa zaidi ya kilomita sita za mraba mwaka 1906, mwaka ambao msafara wa Duki wa Abruzzi, Mwitalia, ulifika Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori. Kufikia 2003 ilikuwa chini ya moja. Wanaopanda watazidi kutafuta vilele vidogo na theluji inayokuja na kuondoka, na hiyo inahitaji ujuzi ambao sehemu yake iko Québec. Kiongozi mwenyewe anasema amejifunza kuijenga njia, na mwaka huu anataka vijana wake waijue. Ninachopinga ni jozi moja kwa watu watatu.

Mgeni anashikilia kwamba wangekuwa na jozi tatu wangefika. Nakubaliana naye hadi ukingo wa chini wa bapa. Baada ya hapo jozi tatu zingekuwa magoti sita kati ya majabali. Yeye anasema wangepita juu zaidi, kwenye theluji nene, wala wasingeyakaribia majabali. Huenda. Lakini mtu wa kuwaonyesha pa kupita angekuwa kiongozi, na kiongozi alama zake zote zilikuwa chini ya theluji.

Mgeni anapanga kurudi Julai, katika miezi mikavu, na safari hii watapita njia ya Oliver's Pass. Ameuliza alete nini. Kiongozi amemjibu kwamba viatu avibakishe Québec, ila alete miwani mitatu ya jua, na iwe ya kubaki.